Maji Yataenda Wapi, Damu Itaenda Wapi: Hotuba Kuhusu Dawa Zinazoiga Vasopresini na Oksitosini

Waheshimiwa wauguzi na wakunga, wafamasia, matabibu, wanafunzi, na ninyi ndugu wa wagonjwa mliofika licha ya jua la leo: shikamooni mlionizidi umri, na walio wadogo kwangu nawaitikia marahaba hata kabla hawajasema.

Nimeombwa nizungumzie dawa za homoni zinazotengenezwa maabara, na jinsi zinavyogusa figo na mishipa ya damu. Mada hiyo ni pana mno. Kuna vidonge vya uzazi wa mpango, kuna dawa za jamii ya kotisoni, kuna sindano za kuongeza damu wanazochomwa wanaosafishwa figo. Kila moja inastahili siku yake. Leo nitakaa na ukoo mmoja mdogo: vasopresini, ndugu yake oksitosini, na dawa zilizotengenezwa kwa kuziiga. Nimeuchagua kwa makusudi. Madhara ya ukoo huu hayasubiri miaka, yanaonekana ndani ya zamu moja. Tena wengi wenu mmeshika dawa mojawapo wiki hii hii, pengine bila kuwaza kwamba inahusiana na figo.

Tuanze na mwili wenyewe. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Hakuna anayekojoa lita 180. Karibu yote hurudishwa kwenye damu, na kinachotoka ni lita moja na nusu au mbili. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika bila kuuliza mtu, ila kipande cha mwisho, kwenye mifereji ya kukusanyia mkojo, husubiri amri. Amri hiyo ni vasopresini. Hutengenezwa ubongoni na kuhifadhiwa nyuma ya tezi ya pituitari. Damu ikikolea kidogo tu, kwa asilimia moja au mbili, ubongo unahisi: kiu inakuja, na homoni inamwagwa. Ikifika kwenye figo inagusa kipokezi kinachoitwa V2, na muda si mrefu seli za mfereji zinapandisha kwenye ukuta wake vitundu vya protini vya kupitishia maji, yaani akwaporini. Maji yanavutwa kurudi mwilini, mkojo unakuwa mchache na wa njano iliyoiva. Protini ya kwanza ya jamii hiyo iligunduliwa na Peter Agre wa Marekani, akashiriki Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2003.

Pombe, kwa taarifa yenu, huzuia vasopresini isitoke. Ndiyo maana mnywaji wa bia haachi kwenda msalani na bado anaamka na kiu. Simhukumu mtu, naeleza figo.

Homoni hiyo hiyo ina kazi ya pili. Kwenye misuli laini inayozunguka mishipa ya damu kuna kipokezi kingine, V1. Mtu akipoteza damu nyingi, vasopresini humwagwa kwa wingi kuliko ile ya kiu ya kawaida, ikabana mishipa ya ngozi, ya misuli na ya utumbo, ili damu iliyobaki ifike ubongoni na moyoni. Kwa hiyo ni molekuli moja yenye kazi mbili: kuzuia maji yasipotee na kubana mishipa.

Kazi ya mishipa ndiyo iliyoonekana kwanza. Mwaka 1895 huko London, George Oliver na Edward Schäfer waliwadunga wanyama dondoo la tezi ya pituitari, presha ikapanda. Ilipita miaka 18 kabla Farini wa Italia na von den Velden wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake mwaka 1913, kuonyesha kwamba dondoo hilo linawapunguzia mkojo wagonjwa waliokuwa wakikojoa ndoo kwa siku. Kisha akaja Vincent du Vigneaud, mwanakemia wa New York. Aliisoma molekuli yenyewe na kuiunda upya maabara: oksitosini mwaka 1953, vasopresini mwaka uliofuata, na Nobeli mwaka 1955. Zote mbili ni asidi amino tisa tu, sita zimejikunja kuwa pete na tatu zimebaki mkia. Tofauti kati ya homoni inayosukuma mtoto na homoni inayozuia mkojo ni asidi amino mbili. Lishikeni hilo, nitalihitaji mbele.

Wagonjwa wa zamani waliokosa vasopresini waliishi kwa taabu. Walivuta puani unga uliotengenezwa kwa tezi za ng'ombe na nguruwe, pua zikawawasha na kuvimba. Waliodungwa dondoo walipata msokoto wa tumbo na weupe wa uso, na wenye moyo dhaifu walipata maumivu ya kifua, kwa sababu dawa iliyofuata maji kwenye figo ilibana mishipa njiani. Mkojo ulipungua, lakini moyo ulilipa.

Mwaka 1967, huko Prague, Milan Zaoral na wenzake walibadilisha sehemu mbili za molekuli. Kwenye asidi amino ya kwanza waliondoa kikundi kimoja cha naitrojeni. Kwenye ya nane waliweka arginini iliyogeuzwa, kama inavyoonekana kiooni. Wakapata desmopresini. Nguvu ya kubana mishipa karibu yote ilitoweka, ya kuzuia mkojo ikabaki na kurefuka. Homoni ya asili hupungua nusu damuni kwa dakika 10 hadi 20. Desmopresini huendelea kuzuia mkojo kwa saa 8, 12 na zaidi. Kwenye homoni ya asili nguvu hizo mbili zinalingana. Kwenye desmopresini, vipimo vya wanyama vilionyesha kwamba ya figo imeizidi ya mishipa zaidi ya mara 2000.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Kazi ya Prague ilikuwa ya ajabu, na mimi huifundisha kwa heshima. Lakini ilituzoesha kusema kwamba dawa fulani ni ya figo na nyingine ni ya mishipa, halafu tukaacha kuangalia upande wa pili. Figo na mishipa vinagawana homoni hii tangu zamani, na vipokezi vyake vimetapakaa kuliko tunavyochora ubaoni. Kila dawa ya ukoo huu inadai maswali mawili kabla ya sindano: maji yataenda wapi, na damu itaenda wapi? Nitapita nayo kwenye dawa nne.

Naanza na desmopresini. Wanaoihitaji kuliko wote ni watu ambao vasopresini yao imekatika. Sababu ni uvimbe wa pituitari, upasuaji wa sehemu hiyo, homa ya uti wa mgongo, au jeraha la kichwa. Wale wanaofanya kazi wodi za majeruhi wa bodaboda wanajua ninachosema: kijana ameumia kichwa, siku ya pili mfuko wa mkojo unajaa kila saa, mkojo mweupe kama maji ya bomba, na sodiamu, yaani chumvi ya damu, inapanda kila mkipima. Huyo akinyimwa dawa na maji anakauka. Mwaka 2009, kijana wa miaka 22 alifariki katika hospitali moja ya London kwa upungufu wa maji mwilini. Alikuwa amelazwa kwa upasuaji wa nyonga, ana tatizo hili, na dawa yake hakupewa. Kwa kiu aliyokuwa nayo, aliwapigia simu polisi kuomba msaada. Polisi walikuja, wakaelezwa kwamba hali imedhibitiwa, wakaondoka. Wauguzi waliona mgonjwa msumbufu. Sodiamu ikipanda kupita kiasi mtu huchanganyikiwa na kuwa mkali, na mgonjwa mkali huhesabiwa mkorofi. Ugonjwa huu kwa miaka mingi ulibeba jina linalofanana na la kisukari, na wahudumu waliwapima wagonjwa sukari, wakaikuta sawa, wakatulia. Mwaka 2022 vyama vya wataalamu wa homoni vilipendekeza uitwe kwa kile kinachokosekana, yaani upungufu wa vasopresini. Afadhali.

Huo ni upande wa kukosa dawa. Upande wa kuizidisha ndio unaonikosesha usingizi, kwa sababu unawakuta watu wazima wa afya na watoto waliokuwa wakicheza jana. Homoni ya asili hujizima. Ukinywa maji mengi, damu inakuwa nyepesi, ubongo unafunga, figo inaachia. Desmopresini haina wa kuifunga. Ikishamezwa, itazuia maji mpaka iishe, hata kama mtu ameshakunywa jagi zima. Maji yanabaki, sodiamu inashuka. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Ikishuka haraka chini ya 120, ubongo unavimba ndani ya fuvu: kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, degedege.

Dawa hii hutumika kwa watoto wanaokojoa kitandani. Inafanya kazi, sikatai. Mtoto anayekwenda shule ya bweni anajua aibu ya godoro lililolowa. Lakini Desemba 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupitia taarifa 61 za degedege lililotokana na sodiamu kushuka kwa watumiaji wa desmopresini, wawili wakiwa wamefariki, na ikaondoa dawa ya kupuliza puani kwenye matibabu ya kukojoa kitandani. Dawa ya puani ndiyo iliyosumbua zaidi, kwani kipimo chake ni kigumu kukibana na hukaa muda mrefu. Vidonge vilibaki, kwa masharti. Mzazi anayepewa aelezwe kwa Kiswahili kilichonyooka: mtoto apunguze sana kunywa kuanzia saa moja kabla ya kidonge mpaka saa nane baada yake. Siku ana homa, anatapika au anaharisha, kidonge kisitolewe, maana siku hiyo tunampa maji mengi na ORS. Na wazee, hasa waliopita miaka 65, wanaoamka usiku mara nne kukojoa: wapimwe sodiamu kabla ya kuanza, kisha ndani ya wiki ya kwanza. Anayekunywa dawa za kupunguza maji kwa ajili ya presha yuko hatarini zaidi.

Sasa tazameni jinsi mwili unavyotucheka. Tumesema V2 ni kipokezi cha figo. Mwaka 1977, Pier Mannuccio Mannucci na wenzake walionyesha kwamba desmopresini inawasaidia wenye hemofilia ya aina A isiyo kali, na wenye ugonjwa wa von Willebrand, yote ni magonjwa ya kurithi ya damu kutoganda vizuri, wang'olewe meno bila kumwagika damu. Dawa ya mkojo inazuiaje damu? V2 ipo pia kwenye utando wa ndani wa mishipa. Ikiguswa, seli za utando humwaga akiba ya kigandishi cha von Willebrand, na kigandishi namba nane hupanda pamoja nacho, mara mbili hadi nne ya kiwango cha mwanzo. Ushahidi ulikamilika kwa njia nzuri: watu waliozaliwa na V2 mbovu hawapunguzi mkojo wakipewa desmopresini, na vigandishi vyao pia havipandi.

Na mishipa hiyo, badala ya kubanwa, hulegea. Uso wa mgonjwa unawaka, moyo unaenda mbio, presha inashuka kidogo, hasa ikidungwa haraka. Kwa hiyo dawa iliyoondolewa nguvu ya kubana mishipa bado inaigusa, kwa kinyume. Kipimo cha kuzuia damu, mikrogramu 0.3 kwa kilo, ni kikubwa mara nyingi kuliko cha mkojo, kwa hiyo mgonjwa wa meno naye awekewe mpaka wa maji ya kunywa siku hiyo. Ukirudia dozi kila siku, akiba kwenye utando inaisha na dawa haifui dafu. Wagonjwa wenye figo zilizofeli nao hufaidika: chembe sahani zao ni goigoi, wanatokwa damu ovyo, na dozi moja kabla ya kutolewa kipande cha figo kwa uchunguzi huwasaidia wengine. Mtu ambaye figo yake haitii amri ya kuzuia mkojo anapewa homoni ya kuzuia mkojo kwa ajili ya mishipa yake. Nilipolisoma hili nikiwa mwanafunzi nilidhani mchapaji amekosea.

Dawa ya pili ni telipresini, nayo ilielekezwa kwenye mishipa. Ni vasopresini ya nguruwe, yenye laisini mahali pa arginini, iliyofungwa glisini tatu mbele. Vimeng'enya vya mwili huzikata moja baada ya nyingine, na homoni inaachiwa polepole kwa saa kadhaa. Inapendelea V1, na mishipa inayoibana zaidi ni ile ya utumbo.

Kwa nini tunataka kubana mishipa ya utumbo? Mtu mwenye ini lililosinyaa hupanuka mishipa ya tumbo. Damu inatuama huko, na figo inahisi ukame. Fikirieni nyumba ya ghorofa ambayo wapangaji wa chini wamefungua mabomba yote: juu halitoki hata tone, wakati bomba la juu halina ubovu. Figo inajikunyata, inafunga mishipa yake, mkojo unakauka, na kriatinini, taka ya damu ambayo figo huiondoa, inapanda. Figo yenyewe ni nzima. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani walichukua figo za marehemu waliokuwa na hali hii, wakazipandikiza kwa watu wenye ini zima, zikaanza kukojoa. Telipresini, ikiambatana na albumini, protini ya damu inayotolewa kwa dripu, inafunga yale mabomba ya chini.

Je, inafaa? Jaribio kubwa la Marekani na Kanada lililochapishwa mwaka 2021 liliwaweka wagonjwa 300. Figo zilirudi kwa asilimia 32 ya waliopewa telipresini, dhidi ya 17 ya waliopewa dawa isiyo na kitu. Kwa kriatinini, huo ni ushindi. Lakini hadi siku ya 90, asilimia 51 ya waliopewa dawa walikuwa wamefariki, na 45 upande wa pili. Waliokufa kwa matatizo ya kupumua walikuwa asilimia 11 dhidi ya 2. Ukibana mishipa ya tumbo na ya ngozi, damu inasukumwa katikati, moyo unasukuma dhidi ya ukinzani mkubwa, na kama albumini imemiminwa kwa ukarimu, maji yanaishia mapafuni. Marekani iliiruhusu Septemba 2022, ikiwa na onyo kali kuhusu kushindwa kupumua. Ulaya ilikuwa ikiitumia miaka mingi kabla. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90, dawa isianzishwe.

Mimi nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi. Kwa mgonjwa aliye kwenye foleni ya kupandikizwa ini, dawa hii inanunua siku, na siku hizo zina thamani. Kwa mgonjwa ambaye upandikizaji uko mbali naye kuliko mwezi wa angani, familia ielezwe kwamba kriatinini inaweza kushuka bila maisha kurefuka, kabla haijauza ng'ombe. Na yeyote anayepewa, muuguzi aangalie vidole na ngozi kila zamu. Kidole kinachogeuka rangi ya zambarau, au tumbo linaloanza kuuma ghafla, ni mishipa inayobanwa kupita kiasi.

Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria telipresini ina sura nyingine: mgonjwa anayetapika damu. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi huweka makovu kando ya vena zinazoingia kwenye ini, presha ya vena hizo inapanda, vena za umio zinavimba na siku moja zinapasuka. Wavuvi na wakazi wa Ukerewe hawahitaji kuelezwa. Telipresini, miligramu 2 kila saa 4 mwanzoni, hupunguza damu inayoingia kwenye vena hizo mpaka mgonjwa afungwe mishipa kwa endoskopi, mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Penye oktreotidi, ambayo nayo inaiga homoni nyingine, somatostatini, inafanya kazi ya namna hiyo bila kubana vidole.

Kuna jambo hapa linasahaulika. Seli za ini la mgonjwa wa kichocho kwa kawaida bado nzima. Figo yake haiko kwenye ule ukame wa sirosisi, yaani ini lililosinyaa. Na telipresini haijapoteza V2 yote. Madaktari wa Hispania walionyesha mwaka 2010 kwamba wagonjwa wa sirosisi waliotibiwa kwa telipresini kwa kutokwa damu mara nyingi walishuka sodiamu, wengine kwa kasi ya kutisha, na waliokuwa na ini lenye nafuu ndio walioshuka zaidi. Wa kichocho ana ini la namna hiyo. Mimi ningempima sodiamu kila siku anayoipata, na dripu yake isingekuwa ya maji ya sukari.

Maji ya sukari ndiyo yanayonipeleka kwa wakunga na kwa dawa ya tatu, oksitosini, na hapa nitakaa.

Niliwaambia mshike zile asidi amino mbili. Oksitosini inafanana na vasopresini kiasi kwamba, ikiwa nyingi, inagusa V2 ya figo. Uniti 10 za kwenye msuli baada ya mtoto kutoka hazina shida hiyo; hizo zinaokoa maisha na msiziogope. Shida ni dripu ya kuongezea uchungu inayokwenda saa nyingi. Kadiri dozi inavyopandishwa kuelekea miliuniti 20 kwa dakika na kuzipita, mkojo unaanza kupungua. Sasa weka oksitosini hiyo ndani ya D5, ile dripu ya maji ya sukari. Sukari ile mwili unaichoma, yanabaki maji matupu. Figo imefungwa mlango wa kutolea maji. Juu yake mama ana kiu, mkwewe ameleta chupa ya chai na uji, naye anakunywa kwa sababu kila mtu anamwambia apate nguvu. Taarifa za akina mama kulewa maji kwa njia hii zilijaa kwenye majarida ya uzazi miaka ya 1960 na 1970, na bado zinaandikwa.

Mama anaanza kulalamika kichwa. Anatapika. Anajibu maswali visivyo. Kisha anapata degedege. Wodi nzima inajua jibu la degedege kwa mjamzito: kifafa cha mimba, magnesiamu salfeti, haraka. Na mara nyingi ndiyo sahihi; msiache kutoa kwa sababu ya maneno yangu. Lakini mkono mmoja ukitoa, mwingine uchukue mashine ya presha. Presha ikiwa ya kawaida, mkojo hauna protini, na kwenye mlingoti zinaning'inia chupa tatu tupu za D5 zenye oksitosini, pima sodiamu. Zimeni oksitosini, simamisheni maji. Mwenye degedege hupewa maji ya chumvi kali ya asilimia 3, kidogo kidogo, chini ya daktari. Na magnesiamu hutolewa na figo, kwa hiyo mkojo ukiwa mdogo inalundikana na kudhoofisha pumzi. Kabla ya dozi inayofuata, hakikisheni mkojo na mpumuo.

Oksitosini ikishazimwa, mlango unafunguka na mama anakojoa kwa wingi sana. Watu hufurahi. Mimi hufurahi nusu, maana sodiamu inaweza kupanda kwa kasi kuliko ubongo unavyovumilia. Ipimwe kila saa chache, na isizidi kupanda milimoli 10 kwa saa 24. Na kichanga asisahauliwe. Sodiamu ya mama hupita kwenye kondo. Mtoto anayezaliwa mlegevu au anayepata degedege siku ya kwanza, mama yake akiwa kwenye dripu tangu alfajiri, naye apimwe.

Kinga ni rahisi na haina gharama. Oksitosini ya kuongezea uchungu iende kwenye maji ya chumvi ya kawaida au ya Ringer. Kama dozi inahitaji kuongezwa, ongezeni ukali wa mchanganyiko kwa utaratibu wa wodi, msiongeze chupa. Andikeni kila mililita inayoingia, ikiwemo chai ya mkwe, na kila inayotoka.

Hayo ni maji. Na damu je? Oksitosini ikisukumwa haraka kwenye vena hulegeza mishipa. Presha inashuka ndani ya dakika moja na moyo unakimbia. Mama mwenye damu ya kutosha atasikia kizunguzungu na kupona. Mama aliyekwisha kupoteza damu nyingi, au mwenye ugonjwa wa moyo, anaweza asirudi. Uchunguzi wa vifo vya uzazi Uingereza wa miaka ya 1997 hadi 1999 ulieleza wanawake waliofariki baada ya kudungwa uniti 10 kwa mkupuo, na tangu hapo dozi ya mshipani huko ikapunguzwa kuwa uniti 5, polepole. Kwa hiyo chumba cha upasuaji kikipiga kelele "oksitosini, haraka!", anayeshika sindano ashikilie saa. Haraka ni kuifikia dawa, kuisukuma ni polepole.

Dawa ya nne ni kabetosini, oksitosini iliyorekebishwa ili idumu. Dozi yake ni moja, mikrogramu 100, baada ya mtoto kutoka. Aina isiyoharibiwa na joto ilijaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, matokeo yakatoka mwaka 2018: kwa kuzuia damu nyingi haikuwa nyuma ya oksitosini, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huo huo kwa mahali ambapo bei yake inalingana. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8. Mnajua jokofu la zahanati umeme ukikatika siku mbili. Kabetosini hiyo hustahimili nyuzi 30 kwa miaka. Kwa kuwa ni sindano moja bila dripu, lile tatizo la maji linakuwa dogo. Lakini lile la damu limebaki: ikipita mshipani hulegeza mishipa na kushusha presha kama ndugu yake. Na isitumike kamwe kuanzisha au kuongeza uchungu. Mfuko wa uzazi utabana kwa muda mrefu, na hakuna dripu ya kuizima.

Wafamasia, neno moja kwenu. Desmopresini ya sindano huja kwa ukali tofauti, na ya mkojo na ya damu zinaweza kukaa rafu moja. Zitenganisheni, na mgonjwa asiondoke na kidonge bila kuambiwa habari ya maji ya kunywa. Nimeona karatasi za maelezo za Kiingereza zikifungia karanga nje ya geti.

Ninayo nakala ya chati ya maji ninayoitumia kufundishia, ipo mezani pale mlangoni, chukueni. Safu ya mkojo ina nafasi kubwa kuliko ya dripu, na nimeiweka hivyo kusudi. Sasa maswali, naanza na wakunga waliokaa nyuma, kwa sababu nimewaona wakitazamana nilipotaja D5.